Wasomaji Wanauliza: Risiva Mwenye Mbio na Risiva Mwenye Yadi, Umchukue Nani?

Safari hii maswali mengi yamekuja ya mpira wa Marekani, ule wa NFL, na karibu yote yanagusa marisiva, yaani wale jamaa wanaosimama pembeni kusubiri kukimbia na kudaka pasi ya kwotabeki, yule mrusha mpira wa timu. Kwa ambaye ndo anaanza kufuatilia: yadi moja ni sentimeta 91 na kitu, tachidauni ni pointi 6, na kila mwezi wa nne timu zinachagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, hiyo ndo inaitwa drafti. Haya twende.

Swali: Kaka habari za kazi. Mimi naishi Dallas, kila drafti ikikaribia jamaa zangu kazini wanaanza kubishana nani kakimbia 4.3 nani kakimbia 4.5 mpaka watu wananuniana kabisa. Hivi sekunde mbili za kumi zina maana gani kwa mtu ambaye kazi yake ni kudaka mpira? – Msomaji, Dallas

Jibu: Salama kabisa ndugu yangu, na hao jamaa waambie wasigombane. Tuanze na kipimo chenyewe. Mwishoni mwa Februari kuingia Machi vijana wanakusanywa Indianapolis kwenye kombaini, wanapimwa urefu, uzito, ukubwa wa kiganja, kuruka, alafu kile kitu ambacho kila mtu anakaa kwenye tivii kukisubiri, mbio za yadi 40, kama mita 36 na nusu. Pale hakuna mlio wa bastola, saa inaanza kijana mwenyewe anapotikisika na mwisho ndo inakatwa na mwanga wa kielektroniki, kwa hiyo ule muda wa kushtuka ambao mkimbiaji wa mita 100 unamla hapa hauhesabiwi. Anakimbia peke yake, moja kwa moja, hana mpira, hana beki, hajavaa pedi. Hilo lishike maana tutalirudia.

Sasa mwaka 2017 John Ross wa chuo cha Washington alikimbia 4.22, ikawa rekodi ya wakati ule, Cincinnati Bengals wakamchukua wa 9 kwenye drafti nzima. Drafti hiyohiyo kulikuwa na kijana wa Eastern Washington, chuo cha daraja la chini, anaitwa Cooper Kupp, yeye alikimbia 4.62, na kwa risiva hiyo ni taratibu haswa, akasubiri mpaka Los Angeles Rams walipomchukua wa 69. Ukiwapanga mstari mmoja, Ross anapomaliza Kupp yuko nyuma mita tatu na nusu hivi, ni pengo kubwa wala sibishi. Ila angalia kilichofuata: Ross katika NFL yote alidaka pasi 62, yadi 957, tachidauni 11. Kupp msimu wa 2021 peke yake alidaka 145, yadi 1,947, tachidauni 16, akaongoza ligi kwa vyote vitatu, na msimu huohuo akawa mchezaji bora wa Super Bowl, ile fainali ya ligi. Kwa yadi, msimu mmoja wa huyu ni zaidi ya mara mbili ya kazi nzima ya yule.

Kwa nini inakuwa hivo? Kwotabeki wa NFL kwa wastani anauachia mpira sekunde 2.7 hivi baada ya kuupokea. Yadi 40 zinataka sekunde nne na ushee. Yaani mpira unapotoka mkononi risiva ndo kwanza yuko katikati ya ile safari aliyopimiwa Indianapolis, na kwa hesabu yangu hapo pengo la Ross na Kupp limebaki mita moja na nusu tu, tena hapo nimekubali kwamba wote wananyoosha moja kwa moja. Lakini mara nyingi hawanyooshi. Ruti nyingi, yaani njia ambazo risiva anapangiwa kukimbia, ni yadi tano, kumi, kumi na mbili, alafu unafunga breki unageuka ndani au nje, na hapo anayeshinda ni yule anayeweza kutoka kwenye kasi kubwa akasimama kwa hatua mbili bila mabega kumsaliti, beki anapita kama mita mbili mbele ndo anashtuka. Hiyo ndo kazi ya Kupp. Na mbio za yadi 40 hazipimi breki hata kidogo, zinapima kuondoka tu.

Niseme kitu kwa haki ya Ross maana watu wanamtukana sana na inaniuma. Yule hakuwa mtu wa mbio tupu. Chuoni mwaka 2016 alifunga tachidauni 17 za kudaka, na mwaka 2019 mechi ya kwanza ya msimu kule Seattle alipiga yadi 158. Kilichomuangusha ni mwili, goti lilishamkosesha msimu mzima wa 2015 akiwa chuoni, akaja ligini bega likafuata na mengine, kila akianza kuwaka anarudi hospitali. Kwa hiyo anayesema Ross ni ushahidi kwamba kasi haina maana anakosea, na anayesema alikuwa na bahati mbaya tu na yeye anasahau kwamba historia ya goti ilikuwa wazi mezani kabla hawajamchagua. Hizo sekunde mbili za kumi zina thamani pale zinapogeuka kuwa nafasi kati ya risiva na beki wakati mpira unaondoka mkononi, na nafasi hiyo unaiona kwenye mkanda wa mechi, kwenye saa huioni.

Swali: Mzee shikamoo. Kama ishu ni mbio, si wangeenda kumchukua Bolt wamalize ubishi? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Marahaba kijana. Bolt kweli aliwahi kuzikimbia hizo yadi 40, ilikuwa Atlanta mwaka 2019 kwenye shamrashamra za Super Bowl, kavaa raba na nguo za mazoezi tu, wakampa 4.22 ingawa muda huo sio rasmi. Ila swali lako lina majibu mawili ya kihistoria na yanapingana, ndo utamu wake.

La kwanza ni Bob Hayes. Huyu alichukua dhahabu ya mita 100 Tokyo mwaka 1964, na ya kupokezana vijiti pia, mwaka unaofuata akaingia Dallas Cowboys na msimu wake wa kwanza akapiga yadi 1,003 na tachidauni 12. Mabeki wa enzi hizo walizoea kila mtu na mtu wake, kwa Hayes ikawa haiwezekani, timu zikalazimika kukuza ulinzi wa kugawana maeneo ili kuwe na mtu anamsubiri kule nyuma. Alimaliza na wastani wa yadi 20 kwa kila pasi aliyodaka, na mwaka 2009 wakamuingiza kwenye jumba la magwiji kule Canton. Ila kumbuka huyu alishacheza mpira chuoni Florida A&M, hakuwa mgeni wa mpira aliyeokotwa uwanja wa riadha.

La pili ni Renaldo Nehemiah, binadamu wa kwanza kuruka viunzi vya mita 110 chini ya sekunde 13, alikimbia 12.93 mwaka 1981. San Francisco 49ers wakamchukua mwaka 1982 bila yeye kucheza mpira wa chuo. Misimu mitatu, pasi 43, tachidauni 4, akarudi kwenye viunzi vyake. Mwanariadha mkubwa kuliko karibu wote walioko ligini, na bado haikutosha.

Na ukigeuza upande, DK Metcalf, yule risiva bonge wa kilo 103 aliyekimbia 4.33, mwezi wa tano 2021 alijitosa kwenye mita 100 za kweli huko California akatoa 10.37 akawa wa mwisho kwenye kundi lake. Wa mwisho! Lakini miezi saba kabla, Oktoba 2020, huyohuyo alimkimbiza Budda Baker wa Arizona aliyeiba pasi karibu na mstari wa goli upande mmoja wa uwanja, akamkamata upande wa pili kabla hajafunga, kasi ikapimwa kilomita 36 na kitu kwa saa akiwa na kofia na pedi zote, na Arizona hawakupata pointi hata moja kwenye shambulizi lile. Uzito unahesabika bana. Mchambuzi Bill Barnwell alitengeneza fomula ya wakimbiaji wa kati, unachukua uzito kwa paundi unazidisha na 200 alafu unagawa kwa muda wa yadi 40 uliozidishwa wenyewe mara nne. Nimeijaribu kwa marisiva: Metcalf na paundi zake 228 anapata karibu 130, Xavier Worthy mwenye rekodi ya sasa ya 4.21 lakini paundi 165 tu anapata 105. Haimaanishi Metcalf ni mzuri zaidi, inamaanisha tu kwamba kasi ya mtu mzito beki anaisikia tofauti akigongana nayo.

Swali: Bro nacheza fantasi ya NFL, ule mchezo wa kuchagua wachezaji na kupata pointi kwa namba zao, hapa Minneapolis na kila mwaka naangalia yadi za msimu uliopita nachagua kwa hizo, kila mwaka naliwa. Nakosea wapi? Yadi si ndo matokeo yenyewe? – Msomaji, Minneapolis

Jibu: Yadi ni matokeo kweli, shida ni kwamba hazikuambii zilipatikanaje, na hapa ntakaa kidogo maana hapa ndo penye mali.

Cha kwanza acha jumla, gawanya. Tuseme risiva mmoja kapata yadi 1,000 kwa kukimbia ruti 600, mwingine kapata 700 kwa ruti 300 kwa sababu aliumia au kocha alikuwa hamuamini bado. Wa kwanza ni yadi 1.67 kwa ruti, wa pili ni 2.33. Gazeti litamuandika wa kwanza, mimi namtaka wa pili, maana kila alipopewa ruhusa ya kukimbia alileta zaidi. Kwenye hiki kipimo mbili kwenda juu ni mtu wa maana, tatu ni nadra sana. Kizuri chake ni kwamba kinamhesabia hata zile ruti ambazo hakurushiwa mpira, kwa sababu kutorushiwa nako ni habari, mara nyingi kwotabeki hakukuona kwa sababu hukuwa wazi. Hata mechi zigawanye, tangu 2021 msimu una mechi 17 badala ya 16, ndo maana Kupp na yadi zake 1,947 ni kama 114.5 kwa mechi wakati Calvin Johnson alipoweka rekodi ya yadi 1,964 mwaka 2012 ilikuwa karibu 123 kwa mechi, jumla zinafanana ila sio kitu kimoja.

Cha pili ni fungu lake kwenye timu. Kama timu ilirusha yadi 3,000 na yeye kapata 1,000 hiyo ni theluthi, kocha na kwotabeki wamemfanya mlango wao mkuu na mabeki wote walijua na bado wakashindwa. Kwa vijana wa chuo wachambuzi wengi wanapenda kuona asilimia 30 za yadi na tachidauni za timu, na wanaangalia alifika hapo akiwa na umri gani, maana kijana wa miaka 19 anayewasumbua watu wa miaka 22 ni habari tofauti na wa miaka 23 anayewasumbua watoto. Mimi umri nauamini kuliko hata saa.

Ila fungu nalo linadanganya, na wewe wa Minneapolis mfano uko nyumbani kwako. Justin Jefferson mwaka 2019 akiwa chuo cha LSU alidaka 111, yadi 1,540, tachidauni 18, lakini alikuwa anagawana mpira na Ja'Marr Chase aliyepata yadi 1,780 na tachidauni 20, Joe Burrow anawarushia wote. Ukipiga fungu lake unapata robo na kidogo tu. Alafu alichezea zaidi ndani, karibu na watu wa mstari, ambako risiva hasukumwi sana kifuani pale mwanzoni, watu wakasema nje hatoweza, wakasema hana mbio. Akaenda kombaini akakimbia 4.43. Bado Philadelphia Eagles kwenye nafasi ya 21 wakamchukua Jalen Reagor wa chuo cha TCU, ambaye mwaka huohuo alipata yadi 611 tu, na utetezi ulikuwa kwamba kwotabeki wake alikuwa mtoto wa mwaka wa kwanza hivyo tumsamehe namba. Minnesota Vikings, timu ya hapo kwenu, wakamchukua Jefferson wa 22. Msimu wa kwanza Jefferson yadi 1,400, Reagor 396. Mwaka 2022 Jefferson akaongoza ligi kwa yadi 1,809.

Funzo la pale silioni kwenye mbio kabisa, maana Reagor alikimbia 4.47, aliyekuwa na mbio zaidi ni Jefferson mwenyewe! Kosa lilikuwa kumsamehe mmoja namba alizokosa na kumkatalia mwingine namba alizonazo. Visingizio vya kwotabeki mbovu vipo vya kweli, ila mtu mkali hata akirushiwa vibaya anakuonyesha kitu, pasi ya nyuma anaigeukia, ya juu anairukia, angalau mechi tatu nne kwa msimu unaona kabisa huyu hapa. Usipoona popote basi usimjengee nyumba.

Kwa fantasi yako basi: yadi kwa ruti, fungu lake la pasi zinazolengwa, umri, na nani anarusha mwaka huu. Mbio weka za mwisho. Na tachidauni usizifukuzie, zinapanda na kushuka ovyo, aliyefunga 12 mwaka jana kwa pasi 60 mwaka huu anaweza kufunga 5 akiwa hajabadilika kitu.

Swali: Mbona kama unazidharau mbio wewe? Tyreek Hill ana nini zaidi ya mbio? Na Worthy mbona kwenye Super Bowl aliua? – Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Sizidharau ndugu, nazipenda kweli, risiva anapomfungulia beki gia na uwanja mzima ukasimama hakuna kitu kinanisisimua kama hicho. Ninachokataa ni kuzilipia peke yake.

Hill kwanza. Yadi 1,710 mwaka 2022 na 1,799 mwaka 2023 akiwa Miami, na kabla hajafikiria ligi alishakimbia mita 200 kwa 20.14 mwaka 2012 akiwa sekondari. Lakini mtazame vizuri, pasi nyingi sana anazidaka kwa sababu beki anaogopa zile mbio anaanza kurudi nyuma mapema, Hill anafunga breki kwenye yadi 12 anageuka, yuko peke yake. Mbio ni tishio, breki ndo zinazolipwa. Na kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye namba zake: beki wa mwisho akisogea nyuma mita tano kwa hofu ya mtu mmoja, katikati panabaki peupe na mwenzake anadaka. Kwa hiyo risiva wa mbio mwenye yadi 600 anaweza akawa ameifanyia timu kazi ya yadi 900, hilo nalikubali bila ubishi, ndo maana namba peke yake nayo ni nusu ya habari.

Worthy sasa. Fainali ya Februari 2025 alidaka 8, yadi 157, tachidauni 2, ukisoma karatasi unasema mfalme. Lakini Kansas City Chiefs walishafungwa 34-0 kabla hajafunga ile ya kwanza, na ile ya pili ya yadi 50 ilikuja dakika mbili za mwisho, Eagles walikuwa wanaruhusu vitu mradi saa iende, ikaisha 40-22. Sisemi yadi zile ni feki, alizikimbia kweli na ni mtoto mzuri, nasema tu ukipima uzalishaji uliza matokeo yalikuwa ngapi wakati ule. Msimu wa kawaida mwaka ule alikuwa na pasi 59 na yadi 638, hicho ndo kipimo chake halisi cha mwaka wa kwanza na sio kibaya.

Na kama unataka kuona mbio zikinunuliwa bila namba, rudi 2009. Oakland Raiders ya Al Davis, mzee aliyependa kasi kuliko kitu chochote, walimchukua Darrius Heyward-Bey wa 7 kwa sababu alikimbia 4.30. Chuoni Maryland hakuwahi kufikisha yadi 800 kwenye msimu wowote. Michael Crabtree, ambaye Texas Tech mwaka 2007 alidaka pasi 134 kwa yadi 1,962, hakukimbia kombaini kwa sababu ya mguu, akaenda wa 10 kwa 49ers ng'ambo ya maji tu. Mwisho wa safari Crabtree pasi 637 na tachidauni 54, Heyward-Bey pasi 202 na tachidauni 16. Heyward-Bey alidumu miaka mingi ligini kwa bidii yake na namheshimu kwa hilo, lakini hakuwa mtu wa namba 7.

Swali: Hizo kilomita 36 kwa saa wanazipimaje mtu akiwa kwenye mechi? Rada? – Msomaji, Muscat

Jibu: Hapana sio rada, ni chipu. Kila mchezaji ana vichipu kwenye pedi za mabega, kuzunguka uwanja kuna mitambo inayopokea mawimbi yake mara 10 kila sekunde, kwa hiyo wanajua yuko wapi, anaenda upande gani na kwa kasi gani, na mpira nao una chipu yake. Hill aligusa kilomita 37.4 kwa saa mwaka 2016 akirudisha mpira wa kuanzia. Linganisha na Bolt Berlin 2009 aliyegusa 44.7 utaona umbali uliopo. Mimi chipu naipenda kwa sababu nyingine kabisa, inapima umbali wa risiva na beki wa karibu pale mpira unapofika, kwa hiyo lile jambo nililomuandikia msomaji wa Dallas lina namba yake. Ila nayo uwe makini nayo, anayerushiwa pasi fupi fupi siku zote ataonekana ana nafasi kubwa, wakati jamaa wa pasi ndefu anabanwa na wawili.

Swali: Niaje. Hapa Kenya tuna machali wa rugby ya Sevens wanakimbia vibaya sana, mbona hawachukuliwi wawe marisiva? Si pesa ni mob huko? – Msomaji, Nairobi

Jibu: Poa sana. Njia ipo na watu wameipita, Mkenya Daniel Adongo alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akitokea rugby bila kuwahi kucheza mpira wa Marekani, akacheza mechi za ligi kabisa, ila hawakumpeleka kuwa risiva, walimuweka upande wa ulinzi na kwenye vikosi vya mipira ya mateke. Hiyo inakuonyesha kitu. Kwenye rugby unapokea mpira ukiwa unamuona mbele beki anayekuja, unampiga chenga, ujanja wako uko mikononi tayari. Risiva anakimbia mgongo ukiwa kwa kwotabeki, anageuka mpira ushafika njiani, na ruti inabidi aisome kutokana na ulinzi ulivyojipanga, yeye na kwotabeki wafikirie kitu kimoja kwa sekunde hiyohiyo. Wenzao wameanza hayo wakiwa watoto. Louis Rees-Zammit, winga wa Wales mwenye mbio za kutisha, aliacha rugby Januari 2024 akaenda Kansas City Chiefs alafu Jacksonville Jaguars, na mwaka 2025 akarudi rugby bila kucheza mechi hata moja ya msimu wa kawaida. Kwa hiyo chali wenu mwenye miaka 26 namwambia ajaribu ulinzi au kurudisha mipira. Aliye na miaka 16 na anaweza kupata shule huko, huyo ndo anaweza kujifunza urisiva wenyewe.

Swali: Kaka, mimi ni mama, asili yetu Uvira, sasa tunakaa Des Moines. Kijana wangu wa kwanza anacheza mpira huu sekondari, anadaka vizuri sana, lakini kocha amemuambia mbio zake ni ndogo hatafika chuo. Mtoto ameanza kulala na mawazo. Nimwambie nini? – Mama wa msomaji mdogo, Des Moines

Jibu: Mama, asante kwa kuandika, na pole kwa kumuona mtoto hivo. Kwanza muulize huo muda ulipimwaje. Saa ya mkononi ya kocha na mashine ya kielektroniki hazitoi namba moja, na ya mkononi mara nyingi ndo inamuonyesha mtu ana mbio kuliko ukweli, kwa hiyo asijilinganishe na namba za mtandaoni, ajilinganishe na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita, saa ileile, sehemu ileile. Alafu kwenye zile yadi 40, zinazomhusu sana ni 10 za mwanzo, na hizo zinafundishika, mguu wa kuanzia, mwinamo wa mwili, nguvu za mapaja. Ajiunge na timu ya riadha ya shule kipindi cha masika, makocha wa mpira wanapenda sana kuona hilo.

Mwambie pia habari za Anquan Boldin, aliyekimbia 4.7 kabla ya drafti ya 2003, akachaguliwa wa 54, mechi yake ya kwanza kabisa ligini akapata yadi 217 na msimu akaumaliza na pasi 101. Alidumu mpaka akafika yadi 13,779. Na Kupp niliyemtaja juu alimaliza sekondari vyuo vikubwa havimtaki, akaenda Eastern Washington akaondoka na yadi 6,464. Sikuambii mtoto atakuwa kama hao mama, wengi hawafiki na lazima tuwe wakweli kwake, nakuambia kwamba kocha mmoja na saa moja hawana mamlaka ya kufunga huo mlango akiwa bado sekondari.

Vitu vya kufanya sasa: arekodiwe video za mechi nzima, sio zile tachidauni tu, maana kocha wa chuo anataka kuona anavyokimbia ruti hata asiporushiwa. Afanye mazoezi ya kusimama na kugeuka kama anavyofanya ya kukimbia. Aandike kila mechi alikimbia ruti ngapi na alipata yadi ngapi. Na masomo, mama, hapo ndo wazazi wengi wageni tunachelewa kuambiwa: vyuo vya daraja la kwanza vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, vinataka masomo ya msingi 16 ya sekondari yenye wastani wa 2.3 kwenda juu, na sio kila somo analosoma linahesabiwa, kwa hiyo mwende pamoja kwa mshauri wa shule mwezi huu mkaangalie yapi yameshaingia na yapi yamebaki, msisubiri mwaka wa mwisho.